Somo: Kumchora Tandala Mkubwa wa Ruaha kwa Rangi za Maji, Bila Rangi Nyeupe

Katika rangi za maji, weupe hutoka kwenye karatasi yenyewe, kwa hiyo mchoraji huamua mapema ni wapi brashi yake haitagusa. Sijaona mnyama anayelifundisha jambo hili vizuri kuliko tandala mkubwa, ambaye ubavu wake wa kijivu hushukwa na mistari myembamba myeupe, kwa kawaida 6 hadi 10. Wengi wetu tumezoea picha za Tingatinga, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Rangi zake nzito hufunika kilicho chini, hivyo nyeupe inaweza kuja mwisho. Rangi za maji haziruhusu hivyo.

Hatua ya kwanza: mtazame kabla ya kumchora. Kati ya Juni na Oktoba, wanyama wengi wa Ruaha husogea karibu na mto, na hapo penseli hupata kazi. Dume ndiye mwenye pembe, nazo zikikomaa hufikia mizunguko miwili na nusu hivi, tena ana ndevu kooni. Usimchanganye na tandala mdogo, ambaye pia yumo Ruaha: huyo hana ndevu, ana mabaka mawili meupe shingoni, na mistari yake huzidi 10.

Hatua ya pili: tandaza karatasi. Chagua yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, ilowanishe, kisha ibandike kingo zote ubaoni kwa utepe wa gundi na uiache ikauke. Ubao wangu ni wa plaiwudi ya Mafinga, nami niliupiga msasa mwenyewe, kwani ninapenda kazi za mikono za kila aina.

Hatua ya tatu: hifadhi weupe. Hapa ndipo picha hufaulu au huharibika. Mama wa Kihehe anayesuka kikapu cha milulu huanzia kitakoni, na ua litakalotokea ubavuni huwa limo kichwani mwake kabla hajaingiza unyasi wa kwanza uliotiwa rangi. Nilijifunza kusuka kabla ya kushika brashi, na ninaamini usukaji ndio ulionipa subira hii ya kupanga. Chora kila mstari kwa penseli nyepesi, ukiufanya ufuate mviringo wa mbavu, kwa maana mstari ulionyooka humfanya mnyama aonekane bapa. Kisha pitisha rangi pembeni mwa mistari, ukiuacha mmoja ukatike hapa na mwingine ufifie pale, kama manyoya yanavyofanya. Wapo wanaoziba mistari kwa mshumaa. Njia hiyo inakubalika, lakini nta haitoki kwa urahisi, na ukingo wake huwa mgumu mno kwa manyoya.

Hatua ya nne: kutoka kweupe kwenda kweusi. Changanya buluu ya altramarini na kahawia ya siena upate kijivu chenye uhai. Paka tabaka jepesi, lingoje likauke, ndipo uongeze kivuli cha tumbo, shingo na pembe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Mimi niko Tukuyu. Je, njia hii inafaa kwa kipunji?*

Marahaba. Inafaa, ila mpangilio hubadilika. Kipunji, tumbili aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2005 kutoka misitu ya Rungwe na Kitulo, hana mistari. Weupe wake uko tumboni na kuelekea ncha ya mkia. Manyoya yake ni marefu, hivyo yaanze karatasi ikiwa bado mbichi ili rangi isambae, kisha kishungi cha kichwani ukimalizie kwa brashi iliyokaushwa kidogo. Uso mweusi uchanganye mwenyewe kwa rangi zile mbili zikiwa nzito. Nyeusi ya kopo huuzima.

*Ndugu mwalimu, huku Njombe mwezi wa Julai tabaka la kwanza halikauki. Niweke picha karibu na jiko la mkaa?*

Hapana, dada yangu. Masizi huchafua weupe ulioutunza, na joto la upande mmoja hukunja karatasi. Laza ubao mahali pakavu penye hewa, kisha gusa pembeni kwa mgongo wa kiganja. Ukihisi ubaridi, maji bado yamo, hata kama mng'ao umeshatoweka, nawe usipake tabaka la pili.