Namna ya kuchagua zulia la sebuleni ukiwa Kigoma: anza na uchafu, maua baadaye

Kazi yangu ni kuuza na kuosha mazulia hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nayaona yanatoka dukani yanang'aa, halafu naletewa yaleyale kuoshwa yameshakuwa rangi ya barabara ya mtaani, kwa hiyo naomba niseme ukweli jamani, wengi tunachagua zulia kinyumenyume. Tunaanza na maua, tunahamia kwenye bei, kipimo tunakisia kwa macho, na habari ya litaoshwaje inakuja siku mtoto kamwaga mchuzi. Tugeuze.

HATUA YA 1: Jua zulia lako litachafuliwa na nini

Kila nyumba ina uchafu wake. Huku kwetu kuna vumbi jekundu, kiangazi linaingia hata ukifunga madirisha, mvua zikianza linageuka tope na kuingia na miguu. Kuna mawese, na hayo nitayarudia maana ndo adui namba moja. Kuna watoto. Na kwenye nyumba nyingi za Ujiji kuna chetezo, udi unafukizwa Ijumaa, kaa dogo likidondoka kwenye zulia la nyuzi za kiwandani hapohapo panayeyuka panabaki alama ngumu nyeusi ambayo hakuna fundi wa kuitoa, ni kukata tu na kuziba.

Sasa jiulize: watu wanavua viatu mlangoni au wanapitiliza? Mnakula mezani au mnakaa chini? Nani ataliosha, na litaanikwa wapi? Hili la mwisho watu wanalicheka, ila zulia la manyoya marefu la mita 2 kwa 3 likishashiba maji watu wawili wanalinyanyua kwa shida, na kipindi cha mvua, Novemba mpaka Aprili hivi, likikaa siku mbili tatu halijakauka linaanza kutoa harufu ya uvundo. Mteja akiniuliza "Kaka, hili la manyoya si ndo zuri?" namjibu "Zuri sana mama, ila una ukuta wa kulianika?" Asipokuwa nao namwonyesha la manyoya mafupi.

HATUA YA 2: Pima, usikisie

Makosa mengi yako hapa. Zulia dogo linaelea katikati ya sebule, sofa ziko mbali zimelizunguka, na sebule yenyewe inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Utaratibu ninaofuata: zulia liwe refu kuliko sofa kubwa, lizidi kama sentimita 15 mpaka 20 kila upande, na miguu ya mbele ya sofa zote ikanyage juu yake. Miguu ya nyuma ibaki sakafuni, haina shida. Kutoka ukutani acha sakafu ionekane, sentimita 30 au zaidi, ukibanana sana basi hata 20.

Mfano, sofa yako ya watu watatu ina sentimita 210. Jumlisha 20 na 20 unapata 250. Dukani saizi za kawaida ni 120 kwa 170, 160 kwa 230, 200 kwa 300 (wengine wanaandika 200 kwa 290), na 240 kwa 340. Kwa hiyo lile la 160 kwa 230 ambalo kila mtu analikimbilia halikufai, chukua 200 kwa 300. Kwenye sebule ya mita 4 kwa 3 na nusu litakuachia nusu mita huku na sentimita 75 kule, limekaa vizuri kabisa. Wauzaji wengine wanataja futi, wanasema "tano kwa nane", hapo kumbuka futi moja ni sentimita 30 na kidogo.

Huna futikamba? Chukua doti ya kanga. Kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110, ukitandaza zote mbili zimeungana kwenye upande mrefu unapata kama 150 kwa 220, yaani karibu sawa na zulia la 160 kwa 230. Zitandaze kabla hujatoka nyumbani, rudi mlangoni, angalia. Kwa saizi kubwa zaidi chora sakafuni kwa chaki, ishi na hizo alama mpaka kesho yake, pita, vuta stuli, fungua kabati la TV. Utajua mwenyewe.

Meza ya chakula: ongeza sentimita 60 kila upande wa meza, ili mtu akivuta kiti kunyanyuka miguu ya nyuma isitoke nje ya zulia na kukwama kwenye ukingo. Chumbani, kitanda cha tano kwa sita kinataka zulia pana la kama futi 9 ili ubaki na futi 2 kila upande, na hilo ni pesa nyingi kwa kitu ambacho nusu yake iko uvunguni. Nunua mawili membamba uweke pembeni huku na huku. Basi.

Na lile kapeti la kukata kwa mita la kujaza chumba kizima? Kwa vumbi letu mimi silishauri. Halitoki nje kuoshwa, udongo unakaa chini yake. Ukilazimika, kingo zipigwe ovaloki, zisipopigwa zitafumuka.

HATUA YA 3: Malighafi

Geuza kona utafute lebo. Mengi yaliyoko sokoni ni polipropilini au poliesta. Polipropilini hainywi maji, kwa hiyo chai, soda na tope vinatoka kirahisi na linakauka haraka, kwa nyumba yenye watoto ndo chaguo langu. Udhaifu wake ni moto, inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, kaa la jiko linazidi hapo mara kadhaa. Poliesta ndo ile laini ya manyoya, tamu kukanyagia ila inalala haraka njiani pale watu wanapopita kila siku. Zote mbili zina tabia moja mbaya, zinapenda mafuta. Maji zinayakataa, mafuta zinayakumbatia, na wewe uko Kigoma, mawese yanashushwa bandarini Kibirizi kila leo.

Nailoni inavumilia kukanyagwa kuliko hizo mbili, bei nayo iko juu. Sufu, yaani manyoya ya kondoo, ni bora, haishiki moto kirahisi na uchafu unachelewa kuingia, lakini nondo wanaila na bei yake si ya mchezo. Mkonge na juti (nyuzi za magunia) vinapendeza sana kwenye picha, ila vikilowa vinabaki na madoa ya kahawia, visiwe kabisa karibu na jiko wala mlango wa nje.

Muuzaji akiapa kwamba hili ni sufu tupu, mwombe uzi mmoja wa pembeni, nenda nao nje uchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inabaki jivu la kusagika kwa vidole. Ya kiwandani inayeyuka na kuwa kipunje kigumu. Akikataa kutoa hata uzi mmoja, nadhani jibu umeshalipata.

HATUA YA 4: Kimo cha manyoya na mlango

Pima nafasi iliyopo chini ya mlango. Milango mingi inafungukia ndani, zulia nene likiwa njiani mlango utalikwangua kila siku mpaka lipate kipara. Manyoya marefu ya sentimita 4 yaende chumbani. Sebuleni sentimita 1 au chini yake inatosha, ufagio unapita na punje za wali zinaonekana.

HATUA YA 5: Rangi

Nyeupe hapana. Nyeusi pia hapana, vumbi linaonekana zaidi kuliko kwenye nyeupe na kila uzi wa nguo unabaki hapo. Chukua mchanganyiko, kahawia, maruni, kijivu chenye michoro midogomidogo. Sofa zako zikiwa na maua zulia liwe tulivu, sofa zikiwa za rangi moja hapo cheza unavyotaka. Halafu dukani zunguka usimame upande wa pili wa zulia, maana manyoya yamelala upande mmoja, rangi ileile upande huu ni nyepesi na upande ule nzito. Kuna watu wamerudisha zulia wakidhani wamebadilishiwa.

HATUA YA 6: Ukiwa dukani

Nenda mchana. Likunjue lote chini, usikubali kuonyeshwa kona tu. Kunja sehemu ya katikati manyoya yakiwa nje, tenganisha kwa vidole: ukiona kitambaa cha mgongo waziwazi basi nyuzi ni chache, litalala mapema. Chukua kitambaa cheupe kibichi, sugua kwa nguvu sehemu yenye rangi kali, rangi ikihamia kwenye kitambaa achana nalo, siku ya kuoshwa maruni itaingia kwenye krimu na mimi ndo nitalaumiwa. Vuta kishungi kidogo cha manyoya, mawili matatu kutoka ni kawaida kwa zulia jipya, yakitoka fungu, weka chini uage. Angalia mgongo, gundi ikipasukapasuka au kudondosha unga ujue limekaa stoo muda mrefu. La mtumba linuse kabisa, tena katikati, harufu ya mkojo wa mbwa au paka ikishafika kwenye mgongo haitoki.

Pima mwenyewe kwa futikamba, kilichoandikwa kwenye lebo na kilichoko sakafuni havilingani kila mara. Na usilinganishe bei juujuu, gawa kwa mita za mraba. Tuseme la 160 kwa 230 ni laki moja na nusu na la 200 kwa 300 ni laki mbili. La kwanza lina mita za mraba 3.68, kila moja karibu elfu 41. La pili lina mita 6, kila moja kama elfu 33. Hapo likiwa na ubora uleule, lile "ghali" ndo rahisi.

HATUA YA 7: Kulifikisha na kulitandika

Liviringishwe manyoya yakiwa ndani, lisikunjwe kama shuka, alama za kukunja zinachukua muda kuondoka. Bajaji inabeba, bodaboda kwa la mita 3 ni kutafuta balaa mlima wa Mwanga. Nyumbani kona zikijikunja juu, viringisha kinyume kwa saa chache halafu weka uzito juu ya kona. Sakafu ya tailizi weka raba ya kuzuia kuteleza chini yake, hasa ukiwa na mzee ndani. Na kama mnakula chini, tandika mkeka juu ya zulia kwanza, ukimaliza kula unaenda kuukung'uta nje.

Mawese yakimwagika hata hivyo: usisugue, ukisugua unayasukuma chini. Kwangua yaliyo juu kwa kijiko, mwagia unga wa sembe mwingi, uache nusu saa unywe mafuta, fagia, rudia unga kama bado kuna unyevu. Kisha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo matone machache kwenye maji ya uvuguvugu, gandamiza kwa kitambaa ukitokea pembeni ya doa kwenda katikati, suuza, kausha. Ikibaki rangi ya chungwa toa zulia juani siku moja mbili, jua linaififisha ile rangi lenyewe. Jiki usiguse.