Kabla hujatoboa mfupa wa kuweka implanti ya jino: mambo ya joto ya kuweka sawa mapema

Namba ya kukaa nayo kichwani ni nyuzi 47 za Selsiasi. Mwaka 1983 Eriksson na Albrektsson kule Sweden walipasha joto mfupa wa sungura walio hai wakaona ukifika nyuzi 47 kwa dakika 1 tu tayari unaharibika, na mwili wenyewe uko 37, kwa hiyo unacheza na nyuzi 10 basi. Mfupa nao hausambazi joto haraka, linabaki palepale kwenye ukuta wa tundu ambapo ndo unataka implanti, yaani ile skrubu inayobeba jino la bandia, ishike. Ubaya zaidi siku yenyewe huoni kitu, implanti inaingia imekaza, picha safi, mgonjwa anaenda zake, wiki kadhaa mbele inaanza kucheza kumbe imezungukwa na tishu laini badala ya mfupa.

Mi naona kazi kubwa inafanyika mgonjwa akiwa bado nje, na ya kwanza kabisa ni drili. Drili butu ndo mchawi namba moja jamani, maana ikishindwa kukata inasugua, we unaona haiendi unakandamiza, ukikandamiza joto linapanda. Kuwe na daftari la kuhesabu kila drili imetumika mara ngapi, kampuni inaandika kikomo chake, na usiseme hii bado inang'aa kwa sababu huko kung'aa ndo penyewe: ishike chini ya taa uizungushe taratibu uangalie makali, yakiwa mazima hayarudishi mwanga, ukiona kamstari keupe kanametameta pale kwenye ncha ujue pameshalika, weka pembeni. Ile ya kwanza ya milimita 2 wengi wanaisahau wakati ndo inayoingia kwenye mfupa ambao haujatobolewa.

Maji sasa. Ni seline, yaani maji ya chumvi ya 0.9%, iliyo sterile (haina vijidudu), sio maji yanayotoka kwenye kiti cha meno. Iweke kwenye friji mapema, iwe baridi isigande, na uwe na chupa ya pili mezani tayari. Halafu washa pampu kabla mgonjwa hajalala, usiangalie tu kama maji yanatoka, angalia yanapiga wapi, manake unakuta kamrija kamepinda maji yanapiga shingo ya hendpisi (ule mkono unaoshika drili) na ncha ya drili iko kavu kabisa. Kama drili zako zina tundu la maji katikati pitisha kale kawaya ka kusafishia kabla ya kuziweka otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), vumbi la mfupa la mgonjwa aliyepita likikauka mle ndani maji hayapiti. Ukitumia kiolezo cha kuongozea drili kumbuka kinaziba njia ya maji, hapo mwambie nesi mapema ashike bomba la sindano la 20 ml amwagie kwa pembeni, na hilohilo ndo litakuokoa pampu ikigoma katikati. Na sakshen, ule mrija wa kuvuta maji mdomoni, ikae mbali kidogo na tundu, kuna wasaidizi wana bidii mpaka wanayavuta maji yote kabla hayajagusa mfupa!

Kwenye eksirei usiangalie urefu wa mfupa tu. Taya la chini mbele mara nyingi mfupa ni mgumu kama zege, joto linapanda haraka, hapo panga hatua zote za drili kutoka nyembamba kwenda nene bila kuruka hata moja, na kama seti yako ina drili ya kuchonga nyuzi za skrubu itoe iwe mezani. Taya la juu nyuma ni laini, hofu ya joto hapo ni ndogo.

Kwenye mashine hakikisha umechagua 20:1 (mota ikizunguka mara 20, drili inazunguka mara 1) kama hendpisi yako ni 20:1, la sivyo namba ya kwenye skrini inakudanganya. Mifumo mingi inataka mizunguko 800 mpaka 1,200 kwa dakika, soma kijitabu cha kampuni yako, na usidhani kupunguza spidi peke yake kunapoza, ukichelewa sana mle ndani joto nalo linajikusanya. Kubalianeni na nesi kabisa kwamba ni kuingia na kutoka, ingia kidogo toa, maji yashuke na vumbi litoke, drili ikija na mfupa umejaa kwenye mifereji ifutwe kabla haijarudi.

Na mpango wa mambo yakiharibika uwepo pia. Vumbi likiwa jeupe au la pinki endelea, likigeuka kahawia au ukasikia harufu ya kuungua simama hapohapo, angalia maji, badilisha drili. Kama una nafasi ya kupanua, endelea na drili kali inayofuata uondoe ule ukuta ulioungua, kama huna, funga umpe mgonjwa miezi kadhaa apone. Usiweke implanti humo eti kwa sababu pakiti imeshafunguliwa, hiyo hela imeshaenda.