Kabla hujainua bodi ya Prado au Surf ya zamani nyumbani kwako, soma hii kwanza

Kabla hujatoa hela mfukoni, elewa kwanza unanunua nini. Bodi lifti haiongezi nafasi chini ya difu, hata sentimita moja haiongezi. Unachofanya ni kuweka spesa, yaani vipande vigumu vya kuongeza kimo, kati ya bodi na chesisi, bodi inapanda juu, ila injini, giaboksi, difu, tanki la mafuta na chesisi yenyewe vyote vinabaki pale pale vilipokuwa. Unachopata ni nafasi kwenye matao ya fenda, basi, ili tairi kubwa iingie bila kukwangua. Tairi ndo inayoinua difu, spesa zinaipisha tu tairi. Nasisitiza hili kwa sababu kuna watu wanainua bodi halafu wanabaki na tairi zile zile, gari inaonekana ndefu barabarani ila ikifika kwenye tope la masika inalala chini kama mwanzo, halafu lawama zote kwa fundi.

Piga hesabu ya tairi kwanza. Prado ya 90, ile ya 1996 mpaka 2002, nyingi zinavaa 265/70R16, kipenyo chake kama milimita 777. Ukitaka 285/75R16, ambazo wengi tunaziita 33, kipenyo kinakuwa kama 834. Tofauti ni 57, na nusu yake tu ndo inakuja chini ya gari, kwa hiyo difu inapanda kama milimita 28. Sio haba kwenye mawe na kwenye makorongo ya barabara za vijijini, lakini ujue ndo hiyo na sio zaidi. Na spidomita itaanza kusoma pungufu kwa karibu asilimia 7, ikikuonyesha 100 wewe uko kwenye 107, na gari itakuwa nzito kuondoka, na breki zitafanya kazi zaidi kusimamisha tairi nzito. Kama breki zako sasa hivi zina mashaka anza na hizo, bodi lifti itakusubiri.

Sasa kwa nini mtu ainue bodi na sio springi? Kwa Prado 90 na Surf za miaka ile jibu liko mbele, miguu ya mbele inajitegemea, kila tairi na eksel yake. Ukiinua springi za mbele sana zile eksel zinakaa kwa pembe kali, mipira yake inachanika, grisi inaruka nje, na jointi zinaanza kulia ukikata kona. Bodi lifti haigusi hizo pembe hata kidogo. Mimi naona mchanganyiko mzuri kwa gari hizi ni springi kidogo na bodi kidogo, na kwenye bodi usipite milimita 50, yaani inchi 2. Zinauzwa spesa za inchi 3, lakini hapo unaanza kurefusha shafti ya stelingi, kurefusha bampa, kurefusha kila kitu, na bolti ndefu namna ile inapigwa na nguvu ya bodi kila unapokata kona. Kwa kazi ya nyumbani 50 inatosha, zaidi ya hapo sikushauri.

Halafu hakikisha gari yako ina chesisi. Najua inaonekana swali la kijinga lakini sio la kijinga. Pajero kuanzia toleo la tatu la 1999 haina chesisi ya kujitegemea, bodi na chesisi ni kitu kimoja, kwa hiyo hakuna cha kutenganisha. RAV4, X-Trail, Forester, hizo zote toa kwenye mawazo. Prado, Surf, Hilux, Land Cruiser za 70 na 80, Samurai, Escudo zile za mwanzo, hizo sawa.

Ukishajiridhisha hapo lala chini ya gari na tochi na bisibisi. Tafuta kila sehemu bodi inapokalia chesisi, zihesabu, zichore kwenye karatasi, piga na picha kwa simu. Kila moja igonge pembeni na ncha ya bisibisi. Bati likitoa sauti kavu ya chuma vizuri, likibonyea au likimwaga unga mwekundu simama hapo hapo, kazi yako ya kwanza ni kuchomelea bati jipya, sio kuinua bodi. Gari zilizokaa Dar, Tanga au Mombasa karibu na bahari zinaliwa kimya kimya, na zile zilizotoka mikoa ya theluji kule Japani zinakuja na kutu ya chumvi ya barabarani tayari, tena juu wamepaka rangi nyeusi inang'aa ukadhani mpya. Usiamini rangi, amini bisibisi.

Bolti ndo zitakazokula muda wako kuliko kitu kingine chochote. Hazijaguswa miaka 25 au zaidi. Anza kuzipulizia WD-40 au mafuta yoyote ya kulegeza kutu wiki nzima kabla, kila jioni, na upulizie upande wa nati sio kichwani tu, maana kichwa sio kilichoshika. Siku ya kazi tumia boksi spana ya pembe sita, ile ya pembe kumi na mbili inakula kichwa cha bolti, na bomba refu la kuongeza nguvu, na uende taratibu, robo mzunguko kufungua, unarudisha kidogo, unafungua tena. Baadhi ya sehemu nati imechomelewa ndani ya bodi mahali ambapo mkono haufiki, ukilazimisha ile nati inang'oka na kuanza kuzunguka na bolti, na hapo huna namna zaidi ya kunyanyua zulia na kukata tundu kwenye sakafu ili ufike kwa spana. Kwa hiyo ukisikia bolti imelegea ghafla lakini haitoki, acha kuzungusha, fikiri kwanza. Na moto wa gesi kwenye bolti za nyuma hapana, tanki liko jirani, mipira iko jirani, na chini ya gari kumepakwa lami inayoshika moto vizuri tu.

Bolti mpya ziwe zimenunuliwa na ziko mkononi kabla hujaanza kufungua za zamani, ukiacha moja tu ya kwenda nayo dukani. Urefu ni ule wa zamani kujumlisha unene wa spesa, na kichwani ziandikwe 10.9, hiyo ni daraja la ugumu wake, isiyoandikwa kitu usiichukue hata kama muuzaji anaapa. Halafu uzi. Toyota nyingi bolti zao za milimita 12 ni uzi mwembamba wa 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka jino hadi jino, wakati bolti ya 12 ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi ni 1.75. Kwa macho zinafanana. Ile ya uzi mnene ukiiweka kwenye nati ya Toyota inaingia kidogo kwa vidole kisha inakaza, mtu anadhani ni kutu anaongeza bomba, na pale uzi wa nati ya ndani ya bodi ndo umekwisha. Fungua bolti moja tu mapema, nenda nayo dukani, jaribu nati ile ile kwenye bolti zote mbili.

Kwa spesa, naironi ngumu nzima au poliyurethani au aluminiamu. Naironi unaweza kumpelekea fundi wa kukereza na kipimo chako, sio kazi ngumu kwake, upana ulingane na mpira wa asili wa gari, na zote ziwe urefu mmoja sawasawa, zipange mezani uweke rula juu yake uone kama kuna mwanga unapita. Moja ikizidi hata milimita mbili tatu milango itakuja kukuambia. Mbao hapana, kipande cha bomba la maji hapana, washa zilizopangwa kama sarafu hapana kabisa, na wala usikubali fundi akuchomelee spesa kwenye chesisi. Mipira ya asili nayo iangalie, ikiwa imepasuka au imebonyea kama mkate uliokaliwa badilisha wakati huo huo, maana bolti umeshafungua na hutaki kurudi tena huko chini.

Sasa hapa ndo penye kazi yenyewe. Kila kitu kinachotoka kwenye bodi kwenda kwenye chesisi au injini kitavutwa milimita 50. Chukua daftari tembea navyo kimoja kimoja, kuanzia boneti mpaka nyuma, kila kimoja uandike kina ulegevu kiasi gani.

Rejeta imefungwa kwenye bodi, feni imefungwa kwenye injini. Bodi ikipanda, rejeta na kava la feni vinapanda, feni inabaki, na mapanga yake yanakuja kugusa kava upande wa chini. Ukiwasha gari bila kuliona hilo unasikia mlio mmoja tu, na plastiki imeshakuwa vipande, na ukiwa na bahati mbaya panga linapiga rejeta. Wengine wanakata kava kwa chini, inafanya kazi, ila hewa inavuja kwa hapo na feni inavuta kidogo. Injini ya 1KZ-TE iliyoko kwenye Prado na Surf nyingi haina uvumilivu na joto, inajulikana kabisa kwa silinda hedi kupasuka ikichemsha, kwa hiyo mimi nasema tengeneza vibano vya chuma vya kushusha rejeta kwa kiasi kile kile ulichoinua bodi, hivyo feni inarudi katikati ya kava na mipira ya maji inabaki kwenye urefu wake. Vibano viwe tayari kabla ya siku ya kazi. Na kama yako ina intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) juu ya injini inayopata hewa kwenye tundu la boneti, jua boneti inapanda na intakula inabaki, kile kimpira cha katikati hakitafika tena, tafuta sponji nene ya kuziba pengo.

Stelingi ndo usiyoifanyia mchezo. Kuna shafti kati ya usukani na reki kule chini, ina jointi na sehemu inayoteleza. Kwenye 50 mara nyingi inateleza ikatosha, lakini lazima uone kwa macho meno yameshikana kiasi gani baada ya kuinua, yakiwa yameshika kidogo tu gari haiendi popote mpaka kuwe na kiungio sahihi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Usikubali mtu akukatie na kukuunganishia kwa welding ya mtaani. Kabla ya kulegeza weka alama ya rangi sehemu mbili zinapokutana, nyoosha tairi, funga usukani usizunguke, maana gari yenye eabegi ina utepe wa waya ndani ya usukani na ukizunguka bure unakatika.

Mabomba ya breki mengi yana mikunjo inayoweza kunyooka kidogo ila vishikio vyake uvifungue kwanza, na waya wa handibreki uuangalie. Mpira wa kujazia mafuta unatoka kwenye bodi kwenda tanki, legeza klipu zake kabla ya kuinua, ukiwa mfupi nunua mrefu wa mafuta, sio wa maji, na kile kimpira kidogo cha hewa pembeni yake usikisahau maana ukikikunja tanki litakataa kujaa. Waya wa hasi kutoka injini kwenda kwenye bodi ukivutwa ukakatika utapata magonjwa ya umeme yasiyoeleweka, taa zinafifia, starta inasita, weka mrefu. Mipira ya AC angalia isije ikang'oka na gesi. Mpira mkubwa wa hewa kutoka boksi la filta kwenda turbo, huo nao. Kwa gari ya gia za mkono lever ya gia na ile ya 4x4 zinazama chini kwenye sakafu, ikigusa ukingo wa tundu gia itakuwa inaruka yenyewe ukiwa mlimani, kwa hiyo jaribu gia zote na lo, ile gia nzito ya 4x4, pamoja nayo. Kwa otomatiki hakikisha P ni P kweli, gari isije ikawaka ikiwa kwenye gia.

Bampa zitaacha pengo, hiyo ni sura tu, itashughulikiwa baadae.

Mahali pa kazi pawe na sakafu ya zege iliyo sawa, mchangani usithubutu. Uwe na jeki mbili, stendi nne, mawe ya kuzuia tairi, na kipande cha mbao ya mbili kwa nne cha kuweka kati ya jeki na bodi ili uzito usambae, jeki ikikaa kwenye bati tupu inatoboa sakafu. Betri itoe. Unalegeza bolti zote pande zote mbili, halafu unatoa za upande mmoja tu, zile nyingine zinabaki zimeshika kwa nyuzi chache ili bodi isihame, unainua pole pole huku mwenzako ameinamia kwenye boneti akiangalia kila mpira na kila waya, akisema simama unasimama. Mwenzako huyo ni wa lazima, kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Na mkono usiingie kati ya bodi na chesisi hata kwa sekunde, spesa isukume kwa kijiti, jeki za mafuta huwa zinashuka bila taarifa na pale hakuna daktari wa kurudisha vidole.

Jipe siku mbili na panga usafiri mwingine wa Jumatatu, mtu mwenye haraka ndo anayeacha klipu bila kufunga. Kama una bima kubwa waandikie mapema kwamba unabadilisha gari, na wakujibu kwa maandishi.

Ukimaliza, kabla ya kufungua geti, zungusha usukani mwisho hadi mwisho huku mtu anaangalia chini, kanyaga breki kwa nguvu uone kama pedali inashuka, acha injini ipate joto kamili ukiitazama feni. Zunguka mtaani kwa mwendo mdogo, rudi, ingia chini tena na tochi. Baada ya siku chache za kutembea zikaze bolti zote upya kwa toki, yaani kipimo cha nguvu ya kukazia, ya kitabu cha gari, maana mipira inajibana na kutulia, na utashangaa ngapi zitakubali kuzunguka kidogo.