Kabla hujalipa ada ya uandishi wa habari Mbeya au Iringa

Ukishaamua kusomea uandishi wa habari, godoro na sare vitasubiri. Anza na usajili. Ingia tovuti ya NACTVET, baraza la taifa linalosajili vyuo vya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, uone kama chuo kimo, na kozi yenyewe imo, maana chuo kinaweza kuwa na usajili wa kozi nyingine kabisa. Ukiwa na cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne, ya dini hayahesabiwi, unaanzia ngazi ya nne, yaani cheti cha awali. Stashahada ni ngazi ya sita. Pigia hesabu ada ya mpaka huko. Kanuni za mwaka 2017 za Sheria ya Huduma za Habari ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha kupewa ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kama mwandishi wa habari, hivyo kuishia cheti ni kujitafutia usumbufu.

Kisha nenda chuoni siku ya vipindi, si Jumamosi. Omba kuona studio, halafu waendee wanafunzi wa mwaka wa pili. Waulize mara ya mwisho walishika maiki lini, kamera ni ngapi, na wakati wa fildi nani anawatafutia redio. Hao hawana sababu ya kukupamba. Kwangu mimi, maiki mbili chakavu zinazotumika kila wiki zinaishinda studio inayong'aa yenye kufuli mlangoni.

Wakati unasubiri muhula, fanya zoezi na simu yako. Nenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, muombe muuza viazi ruhusa, mrekodi dakika moja, kisha usikilize. Huenda wapiga debe wamemmeza. Rudia: simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, wewe ukiukinga upepo kwa mgongo. Nyumbani soma gazeti kwa sauti, r na l zikae mahali pake.

Sweta zito beba. Juni na Julai huku hakuna utani.

Mzazi naye ana swali lake, kama kazi hii ni salama, nalo ni la haki. Daudi Mwangosi, mwandishi wa habari aliyekuwa mwenyekiti wa Iringa Press Club, chama cha waandishi wa Iringa, aliuawa akiwa kazini Nyololo, Mufindi, Septemba 2, 2012. Uliza chuo kinafundisha nini kuhusu kuripoti penye vurugu: usimame wapi, uondoke saa ngapi, nani ajue ulipo. Wakikujibu kwamba hayo utayakuta kazini, chukua fomu ya chuo kingine.