Somo: Fungia databesi ya programu yako, paswadi ya login haitoshi

Asalaam aleikum ndugu zangu. Majuzi nlikuwa Majengo kwa jamaa ana duka la dawa, programu yake ya mauzo ina paswadi tena ngumu, mimi nikaichukua ile faili ya .db, ndiyo databesi yenyewe, nikaifungua na Notepad hivi hivi. Juu kabisa imeandikwa "SQLite format 3" (SQLite ni databesi inayokaa ndani ya faili moja), nikateremka kidogo, majina ya wateja, namba za simu na dawa walizonunua, zote wazi, mpaka zile mtu hataki jirani yake ajue. Jamaa kimya. Na hapa Kenya sheria ya data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti.

Haya twende. Kwanza bekapu kwa flashi, usiruke hapa. Kisha toa SQLite ya kawaida weka SQLCipher, ni SQLite ile ile iliyoongezewa kufuli, hii inaenkripti faili nzima kwa AES (njia ya kufungia data) ya biti 256. Fungua databesi ya zamani bila ufunguo, halafu:

ATTACH DATABASE 'mpya.db' AS mpya KEY 'neno lako refu';
SELECT sqlcipher_export('mpya');
DETACH DATABASE mpya;

Kuanzia hapo programu itumie mpya.db, na kila ukifungua koneksheni, PRAGMA key (amri ya kuipa ufunguo, lile neno lako refu) iwe ya kwanza, ukitanguliza SELECT utaambiwa faili si databesi. Ijaribu hiyo mpya.db na Notepad, utaona vurugu tupu. Ukishahakikisha inafanya kazi, ya zamani futa, na ile ya kwa flashi pia, wengi huisahau.

Sasa ufunguo, hapa ndipo watu huharibu. Usiuandike ndani ya kodi, exe ya C# mtu akiwa na ILSpy (programu ya kurudisha exe kuwa kodi) anaisoma kama gazeti. Muulize mtumiaji paswadi programu ikiwaka, ama tengeneza ufunguo wa bahati nasibu uulinde na DPAPI, huduma ya Windows ya kufungia siri, lakini huo umefungwa na akaunti ya Windows, ukipiga Windows upya umekwenda, kwa hivyo nakili kwa karatasi uweke kwa sefu.

MASWALI

Itakuwa slo?
Zaidi ni wakati wa kufungua, toleo la 4 la SQLCipher linazungusha paswadi mara 256,000 kutengeneza ufunguo. Usifungue na kufunga koneksheni kila kwery.

Kaka, nikifungia kolamu ya simu peke yake?
Yawezekana, ila kutafuta kipande cha namba kwa LIKE sahau, na majina bado yako wazi.

Mfanyakazi aliyejua paswadi ameacha kazi, nianze upya?
La, fungua na ya zamani kisha PRAGMA rekey, amri ya kubadilisha ufunguo. Lakini kama alibeba kopi, ile kopi bado inafunguka na paswadi anayoijua.