Chambo bandia cha nguru: mwendo kwanza, rangi baadaye

Ukiingia duka la zana za uvuvi Mombasa, macho hukimbilia rangi. Muuzaji anajua, ndiyo maana vyambo vinavyometameta vimening'inizwa mlangoni. Kabla ya kutoa pesa jiulize: chombo changu kitakwenda noti ngapi, yaani maili ngapi za baharini kwa saa? Chambo bandia humdanganya samaki kwa kuogelea, na kila aina ina mwendo wake.

Kwa kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya chombo, nje ya mwamba, kuanzia Likoni hadi Shanzu, aina tatu zinatosha. Samaki wa plastiki mwenye ulimi mdomoni ndiye wa nguru hasa. Ulimi ndio unaomzamisha na kumtikisa: mrefu uliolala humpeleka chini, mfupi uliosimama humwacha karibu na juu. Chukua wa sentimita 14 hadi 18, umvute kwa noti 4 hadi 6. Kijiko cha chuma kinataka mwendo wa taratibu zaidi, noti 3 hadi 5, kwa hiyo kinamfaa hata mwenye ngalawa ya tanga. Cha sketi, chenye kichwa kizito na nyuzi za mpira, ni cha boti ya injini na maji makuu: chini ya noti 6 hakichezi, na wateja wake ni jodari, felusi na sulisuli.

Jamaa wa Ulaya akikuletea vijiko vya samoni, shukuru, lakini usivitupe baharini kama vilivyo. Vingi vimetengenezwa kwa mito ya maji baridi na mvuto wa polepole. Kwa noti 5 huzunguka kama pia na kuusokota mshipi wote, na ndoana zake nyembamba hunyooshwa na kolekole mmoja tu. Badilisha ndoana na pete, uweke za maji ya chumvi, kisha uvitumie polepole.

Sasa waya, maana hapa ndipo vyambo vingi hupotea. Meno ya nguru hukata nailoni kama mkasi. Tumia waya wa chuma cha pua wa uzi mmoja, unene wa milimita 0.4 hadi 0.5, urefu wa sentimita 40 hivi. Mzito kuliko huo huua mchezo wa chambo. Upitishe kwenye tundu la chambo, ubakishe sentimita 10, ushike kitanzi kwa koleo. Sokota nyaya zote mbili pamoja mara 5 au 6, kila moja ikipita juu ya mwenzake. Wengi huuacha mmoja umenyooka na kuuzungushia mwingine. Fundo hilo huteleza samaki akivuta. Baada ya msokoto, zungusha ncha fupi mara 4, mizunguko ibanane. Ncha usiikate kwa koleo. Ikunje iwe kama mpini mdogo, uizungushe mpaka ikatike yenyewe, ibaki laini. Ya kukatwa huacha kijino, na kijino hicho kitakuchana kidole siku unayoharakia samaki. Kitanzi kiwe kipana, chambo kipate kuyumba.

Juu ya waya funga siveli nyeusi, kile kiungo kinachozunguka ili mshipi usisokotwe. Inayong'aa huumwa na nguru wa pili, akakata nailoni, ukapoteza samaki, waya na chambo kwa mkupuo mmoja.

Kabla ya kuachia mshipi, vuta chambo ubavuni mwa chombo, pima 1 au 2 tu (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), ukitazame. Kinatakiwa kitikisike palepale kikiwa kimenyooka. Kikienda kushoto, ukikitazama kinavyokujia, pinda kitundu cha mdomoni kidogo sana kuelekea kulia. Kikienda kulia, fanya kinyume. Ukizidisha kitaruka juu ya maji. Kikiwa sawa, achia mshipi mmoja pima 10 na mwingine pima 16. Cha kuzama sana kiwe karibu, cha juujuu kiwe mbali, na ukigeuka geuka kwa upana, la sivyo itabidi ukae kufumua mishipi. Ncha ya fimbo, au mshipi kidoleni, itetemeke muda wote. Mtetemo ukikoma, kuna jani limenasa. Vuta ulitoe, maana chambo chenye jani hakiliwi.

Rangi? Maji mangavu, buluu na fedha. Maji yaliyochafuka baada ya mvua, au karibu na mlango wa Kilindini yanapotoka, dhahabu au mwili mweupe wenye kichwa chekundu. Basi.

Alfajiri na magharibi ndizo saa zake, hasa maji yakianza kujaa au kupwa. Fuata ukingo wa mwamba, si katikati ya bahari, na ukiona shakwe wanapiga mbizi pita kando ya kundi, usilikate. Eneo la ndani la Hifadhi ya Bahari ya Mombasa halivuliwi kabisa. Mipaka yake waulize BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ya bandari yako.

Nguru mara nyingi hukata mkia kwanza, hivyo ndoana ya nyuma ndiyo inayofanya kazi. Ijaribu kwa ukucha: ikiteleza badala ya kung'ata, inoe kwa tupa. Akishika, usisimamishe chombo ghafla, mshipi utalegea naye atachomoka. Punguza mwendo, acha mbio ya kwanza iishe. Breki ya rili iwe robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Wa mshipi wa mkono avae glavu, asiuzungushe mkononi kamwe. Tumia kulabu kumpandisha, na ndoana itoe kwa koleo.

Nyumbani osha vyambo kwa maji yasiyo na chumvi, vikauke kabla ya kufunga sanduku. Vyambo laini vya mpira viweke peke yake: vikilala juu ya vile vya plastiki ngumu huyeyusha rangi yao, na asubuhi utakuta vimegandana.