Ukihamishia familia Tabora, kagua nyumba saa nane mchana

Tabora ipo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na wengi hudhani kuna ubaridi mwaka mzima. Baridi ipo, lakini ni ya usiku wa Juni na Julai; watoto watahitaji masweta na blanketi. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, jua hukaribia kuwa utosini na joto hupita nyuzi 30.

Kwa hiyo nyumba usiitazame asubuhi. Nenda saa nane mchana, ukae chumbani robo saa. Bati lisilo na dari hushusha joto lote juu ya kitanda cha mtoto, na feni huzungusha hewa ileile ya moto. Tafuta dari, na madirisha yanayotazamana yenye nyavu nzima. Malaria mkoani bado ni tatizo kubwa, hivyo chandarua chenye dawa kwa kila kitanda kitangulie hata sofa.

Mvua ni Novemba hadi Aprili. Angalia alama za maji chini ya kuta, kisha waulize majirani, maana rangi mpya huficha mengi.